Kompyuta Inayojizima Ghafla: Ikague Kabla Hujaiuza



Juzi nilikuwa Garissa kwa shemeji yangu mwenye saiba ya kompyuta tatu. Binti mmoja alikuwa akijaza fomu ya mkopo wa masomo, mara kompyuta ikazima ghafla. Akaanza upya, ikazima tena, na yote aliyoyaandika yakapotea. Tukamhamishia kwenye mashine nyingine akamaliza. "Shemeji," akaniambia mwenyeji wangu, "fundi ashasema madabodi imekufa. Kesho naiuza vipuri." Nikamwomba anipe jioni moja.

Kujizima si ugonjwa, ni dalili. Kabla hujafungua skrubu hata moja, hamisha kazi zako muhimu kwenye flashi, kisha jiulize: inazima vipi, na wakati gani? Ikikatika ghafla kama taa, shuku umeme au joto. Ikitoa skrini ya buluu au ikijiwasha upya yenyewe, shuku RAM, diski au programu. Ile ya shemeji ilikuwa nzima asubuhi, na ikianza vituko vyake baada ya adhuhuri.

Kwanza, umeme. Garissa ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, kwa hivyo stima hukatika madukani kama kwengine. Kagua waya wa nyuma ya kompyuta kama umekaa sawa, kisha iondoe kwenye ekstensheni uichomeke moja kwa moja ukutani. Kama unatumia UPS, ijaribu kompyuta bila hiyo UPS: betri iliyochoka huweza kuizima stima ikiyumba kidogo tu. Ikiwa kompyuta zote za chumba huzima pamoja, tatizo si kompyuta, mwite fundi wa umeme.

Pili, joto na vumbi. Mchana wa Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35, na vumbi lake halibishi hodi. Prosesa imeundwa ijilinde: joto lake likikaribia nyuzi 100, hupunguza kasi, na likizidi huzima mashine nzima. Ingia kwenye BIOS, kwani kompyuta nyingi huonyesha humo joto la prosesa. Ikiwa haifanyi kazi yoyote na bado inasoma nyuzi 80 au zaidi, umeshapata pa kuanzia.

Zima, chomoa waya, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini mwako usiunguze vifaa. Ondoa vumbi kwa brashi laini na kwa pampu ya upepo, na uishike feni kwa kidole isizunguke ovyo. Hakikisha feni ya prosesa inazunguka ukiwasha. Dawa ya joto iliyo baina ya prosesa na kipoza joto ikikauka, ifute upake mpya, kiasi cha punje ya mchele tu.

Tatu, pawasaplai. Ikiwa kompyuta huzima kazi ikizidi ilhali joto ni la kawaida, au ina harufu ya kuungua, jaribu pawasaplai nyingine iliyo nzima. Usiifungue yenyewe: hubaki na umeme wa hatari ndani hata baada ya kuchomolewa.

Nne, RAM na programu. Chomoa vipande vya RAM, vipanguse, uvirudishe, kisha ujaribu kimoja kimoja. Windows kwa kawaida hujiwasha upya ikipata hitilafu kubwa. Zima mpangilio huo ili usome msimbo wa skrini ya buluu. Na ukiona tukio namba 41 kwenye kumbukumbu za Windows, usidanganyike. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini.

Mambo haya manne yakikushinda, hapo ndipo pa kuitilia shaka madabodi. Tazama kapasita zake: zilizovimba kichwani au kuvuja ni dalili mbaya, na hiyo ni kazi ya fundi.

Na ile ya shemeji? Kasha lilikuwa sakafuni, mlangoni. Mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na vumbi mithili ya blanketi, na dawa ya joto imekauka kama chokaa. Tulipoisafisha na kupaka dawa mpya, siku ya pili ilipita adhuhuri na alasiri bila kuzima. Sasa iko juu ya meza, mbali na mlango, na inasafishwa kila mwezi.

Fundi hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa kuhukumu kabla ya kufungua kasha. Ukiambiwa mashine yako imekufa, muulize fundi kwa upole: umepima nini?

Wabillahi tawfiq.