Kurejea kwa Bibi Salme: Unguja ya Ujana na Unguja ya Mwaka 1885

Methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" humhukumu yule aondokaye. Haisemi lolote juu ya yule arejeaye. Hali arejeaye naye ana mashaka yake. Huuacha mji akiwa kijana, akauchukua moyoni kama alivyouona siku ya mwisho, kisha akarudi kuutafuta mji ule ule pale ambapo watu wengine wameendelea kuishi, kujenga, kubomoa na kuzikana. Katika historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki, marejeo yaliyoandikwa kwa urefu na mwenyewe aliyerejea si mengi. Miongoni mwa hayo, yale ya Bibi Salme binti Said, aliyerudi Unguja mwaka 1885 baada ya miaka 19, yastahili kutazamwa upya, kwa kuwa ndani yake mapenzi ya mtu kwa mji wake na tamaa ya dola kubwa yalisafiri katika msafara mmoja.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bait al-Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alihamia mjini pamoja na mama yake, na huko ndiko alikopevuka. Mji alioujua ulikuwa mji wa binti wa ukoo wa kitawala: ulionekana kutoka dirishani na juu ya dari, na ulitembelewa usiku, kwa mwanga wa taa na katika msafara wa watumishi.

Lugha za nyumba ile zasimulia historia yake. Kwa mujibu wa maelezo ya Salme, mbele ya baba yao Kiarabu ndicho kilichotakiwa. Lakini alipogeuka tu, zilisikika lugha za kila namna, kikiwamo Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, wala hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo, uliopatikana kwa uasi mdogo wa kitoto, ulimwingiza katika uasi mkubwa. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, Salme, mwenye umri wa miaka 15 tu, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Jaribio hilo lilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akajitenga na ndugu waliokuwa upande wa Barghash.

Mwezi wa Agosti 1866, akiwa mjamzito kwa mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa, kisha akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka huo huo Majid alifariki, na Barghash akatawazwa. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko kwa tumaini la kuonana naye, lakini Waingereza walimshawishi asifanye hivyo.

Katika miaka hiyo Unguja haikumngoja. Kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869 kulileta Ulaya karibu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Barghash alileta mjini maji ya mferejini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari. Mji aliokuwa akiukumbuka Salme huko Ujerumani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, umekwisha kuwa mji mwingine.

Namna ya marejeo yake ndiyo iliyo nzito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikuwa amejipatia mikataba katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, na mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuyalinda madai hayo. Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na Sultani akalazimika kukubali. Salme aliwasili na watoto wake katika merikebu Adler, iliyofuatana na msafara huo. Yeye alikuja kudai urithi wake na kutafuta suluhu na ndugu yake. Serikali ya Bismarck ilimwona kuwa raia wa Kijerumani ambaye madai yake yaweza kuongezwa katika madai mengine. Ndugu aliyekuwa akiandikiwa barua na Salme mwaka 1859 hakukubali kumpokea. Na ni vigumu kumshangaa mtawala ambaye dada yake amerudi nyuma ya mizinga.

Hata hivyo, jumba si mji. Katika sura inayosimulia marejeo hayo, Salme aeleza kwamba alipotembea mjini umati wa watu ulimfuata na kumwamkia kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Maelezo hayo yametoka kwake mwenyewe, naye alikuwa na sababu ya kutaka kuonekana anapendwa. Pamoja na hayo, yana uzito wa pekee. Binti ambaye zamani hakuonekana barabarani ila usiku na katika shela, sasa alipita katika mavazi ya Kizungu, na watu wakamjua. Hawakumwita raia wa Ujerumani, wala hawakungoja idhini ya Sultani. Walimjulia hali kwa lugha za nyumbani, na kujuliana hali katika mila za pwani ni kumkubali mtu kuwa miongoni mwa watu. Dola mbili zilikuwa zikibishana juu ya hadhi yake; mji ulimaliza shauri hilo kwa salamu.

Mtoni hakukuwa na wa kumwamkia. Jumba alimozaliwa, ambamo kwa hesabu yake waliishi watu zaidi ya elfu moja, alilikuta gofu. Hapa ndipo marejeo yake yalipofika mwisho wa kweli, kwani mtu huweza kuomba radhi kwa ndugu na kudai mali kwa serikali, lakini hapana baraza linaloweza kumrudishia nyumba ya utoto wake.

Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitolewa mwaka 1886. Alikuwa ameanza kukiandika miaka kadhaa kabla ya safari hiyo, kwa ajili ya watoto wake. Kwa hiyo ndani ya jalada moja mna Unguja mbili: ile iliyojengwa kwa kumbukumbu katika baridi ya Ujerumani, na ile iliyoonwa kwa macho. Zote mbili zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Waliomwamkia kwa Kiswahili hawakuweza kusoma alivyowaandika. Msomi wa fasihi ya Kiswahili akumbuke jambo hilo: hapa sauti ya mji imetufikia kwa kupitia lugha ya wale waliokuja na manowari.

Aidha, kumbukumbu hiyo ina kiziwi chake. Mwandishi huyu aliyezaliwa na mwanamke aliyetekwa alimiliki watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Unguja mbele ya wakosoaji wa Ulaya. Utulivu wa nyumba aliyoililia ulichukuliwa mabegani mwa watu ambao hawakuandika kumbukumbu. Wengi wao walikuwa na miji na vijiji vyao bara, wala hawakupata merikebu ya kuwarejesha. Suala hilo halijalala: mwaka 2019 kiwanja kimoja huko Hamburg kilipewa jina lake, na mwaka 2020 uamuzi huo ukatenguliwa kwa sababu ya maneno yake kuhusu watumwa.

Salme alirudi tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, na safari hiyo nayo haikufaulu. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Ujerumani haikuwa tena na haja naye. Aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena mwaka 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Yafaa basi marejeo haya yasomwe kwa macho mawili. Jicho moja lione manowari, kwani mapenzi ya mtu kwa mji wake hayamkingi asitumiwe dhidi ya mji huo. Jicho la pili lione mchanga. Madai ya urithi yalipuuzwa na serikali zote alizoziendea. Mchanga hakuuomba kwa Sultani wala kwa Bismarck, na ndio pekee, katika yote aliyoyarudia Unguja, aliozikwa nao.