Nani Huamka Usiku Mtoto Akilia?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Pemba

Walimu, tafadhalini mtazame kama walioko nyuma wanasikia vizuri. Wenye madaftari wafungue ukurasa mpya, kwani leo kuna miaka ya kuandika, na mwishoni kuna hesabu.

Leo tutazungumza historia ya nyumba za kulelea watoto. Nazisema zile nyumba ambamo watoto wasio na wazazi, au waliotengana na wazazi wao, hukaa pamoja na kutunzwa na watu wa kazi. Mtu akienda kuitazama nyumba kama hiyo, kwa kawaida huuliza kwanza kama paa ni zima na kama chakula kinatosha. Ni maswali mazuri. Lakini mimi nataka leo tumtazame mlezi. Mlezi ni yule anayemwogesha mtoto, anayemlisha, na anayeamka usiku akilia. Je, yeye yuko katika hali gani?

Tuanze hapa hapa kwetu, na tuanze na mikarafuu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu mingi sana. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika. Tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho mama wa karafuu, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Sasa, nyinyi mnajua kazi ya karafuu. Yataka mikono ya kupalilia, mikono ya kuchuma, mikono ya kuchambua makonyo na kuanika. Siku zile mikono hiyo ilikuwa ya watumwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na ikawa marufuku kuchukua watumwa kwa njia ya bahari. Tazameni mambo mawili haya yalivyogongana: Pemba inataka watu zaidi kuliko zamani, na bahari imefungwa. Basi biashara ikawa ya magendo. Majahazi yalivuka usiku kutoka Mrima, yakaingia katika vihori vyetu penye mikoko. Manowari ya Kiingereza iitwayo London ilikaa bandarini Unguja tangu 1874 hadi 1883, na mashua zake zilikuwa zikizunguka Pemba kuyatafuta majahazi hayo. Haikuwa kazi ya mchezo. Desemba 1881 nahodha wa manowari hiyo, Kapteni Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa.

Wengi waliokutwa katika majahazi walikuwa watoto. Sababu si ngumu kuiona. Mtoto huchukua nafasi ndogo, hana nguvu za kupigana, na akishafika ng'ambo hajui njia ya kurudi kwao.

Sasa fikirini. Jahazi limekamatwa. Mtu mzima anapewa hati ya uhuru, na hata kama ana shida, aweza kutafuta kazi. Lakini mtoto wa miaka sita akipewa hati, aende nayo wapi? Mama yake yuko Nyasa, au amekufa njiani. Jina la kijiji chao hakuna anayelijua. Nyumba za watoto za mwanzo katika pwani yetu zilitokana na shida hiyo.

Kwa kweli zilianza kabla ya mkataba. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika Unguja, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi. Mmoja wao aliitwa Swedi. Mwaka 1879 Swedi huyo, aliyebatizwa John, alifanywa shemasi. Wavulana walikaa Kiungani, na wasichana baadaye wakawekwa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walihamia Bagamoyo mwaka 1868 wakawa na watoto wengi, waliosoma na pia kulima. Wamisionari wa CMS walifungua Freretown, Mombasa, mwaka 1875. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Shelisheli na hata Bara Hindi.

Je, watoto walitunzwa vema? Jibu langu ni ndiyo, na siyo. Walishiba kuliko walivyoshiba jahazini, na hakuna aliyewauza tena. Walifundishwa kusoma. Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana wenyewe wanaeleza walivyotekwa na kupita mikononi mwa watu wengi mpaka kufika pwani. Aliyekitengeneza ni A. C. Madan. Ni jambo kubwa kwamba mtoto aliyeuzwa aliweza kusimulia mwenyewe habari zake, zikawekwa kitabuni. Watoto wengi sana wa zamani zile hawakuulizwa na mtu.

Kwa upande wa pili, mtoto aliingia katika nyumba ile akapewa jina jipya, dini mpya, na hata mchumba mara nyingi alitafutiwa na misheni. Wasichana wa Mbweni walitazamiwa waolewe na vijana wa Kiungani. Waliohesabiwa kuwa si wepesi wa masomo walifundishwa kazi za mikono: kushona, kupika, kufua. Kazi si aibu. Lakini tofauti kati ya mtoto anayefundishwa kazi na mtoto anayefanyishwa kazi ni nyembamba, na mwenye kuipima alikuwa mkubwa wa nyumba peke yake.

Na walezi? Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo za matumizi. Homa iliwaua baadhi yao, na wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Tozer mwenyewe aliacha kazi mwaka 1873 kwa sababu ya afya. Walikuwapo waliodumu: Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaisimamia skuli ya wasichana ya Mbweni mpaka 1902, na alikufa hapa hapa Zanzibar mwaka 1926. Lakini mtu kama yeye hakupatikana kila siku. Wasichana wakubwa walisaidia kuwalea wadogo, na majina ya wasichana hao hayasomwi sana vitabuni.

Zingatieni jambo hili. Mtoto aliyekwisha kumpoteza mama yake anamzoea mtu mpya, kisha mtu huyo anakufa kwa homa au anapanda meli kwenda zake. Anakuja mwingine. Mtoto aanze tena. Watu wa siku zile waliona kwamba walezi wanachoka na kuugua, lakini hawakuwa na elimu ya kueleza kinachompata mtoto kwa mabadiliko hayo.

Turudi Pemba. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri kwamba mtumwa akitaka uhuru aende kuomba katika korti. Mwaka huo huo watu wa dini ya Marafiki, waitwao Quaker, walifika kisiwani. Theodore Burtt na wenzake walichukua shamba Banani, karibu na Chake Chake, wakawapa walioachwa huru kazi ya ujira, wakafungua na skuli. Utumwa ulikwisha kabisa kisheria mwaka 1909. Lakini watoto wengi wa Pemba hawakupita Banani wala Mbweni. Walibaki katika nyumba walimokulia, wengine wakiwa wana wa nyumba kweli, wengine nusu mwana nusu mtumishi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba nyumba ya watu siku zote ni bora kuliko nyumba ya kulelea. Yategemea nani anatazama.

Uingereza walijifunza hivyo kwa uchungu. Mwaka 1945 mtoto wa miaka 12 alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula katika nyumba ya shamba alikowekwa na Serikali alelewe. Nchi nzima ilishtuka. Kamati iliundwa, na ripoti yake ya mwaka 1946 ikasema walezi wa watoto wafundishwe kazi yao, na nyumba zikaguliwe. Sheria ikafuata mwaka 1948.

Mwaka 1951 Daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya la Ulimwengu ripoti mashuhuri. Alisema mtoto mdogo ana haja ya mtu mmoja wa kudumu, kama alivyo na haja ya chakula. Wengine walimbishia, hasa kwa kuwa alimtilia mkazo mno mama peke yake. Nafikiri Wapemba wangekuwa na haki ya kubisha pia, maana huku mtoto hulelewa na bibi, shangazi na jirani. Lakini jambo lake kubwa limethibitika. Huko Rumania, baada ya mwaka 1989, dunia iliona majumba yaliyojaa watoto ambao walikula na kuvaa, lakini hawakuwa na mtu wao. Tangu mwaka 2000 wataalamu waliwafuatia watoto 136 wa mji wa Bucharest. Waliopelekwa kulelewa katika familia kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliopata nafuu zaidi.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote ulifanywa St. Petersburg, Urusi, ukachapishwa mwaka 2008, kwa sababu huo unamhusu mlezi. Katika nyumba moja walezi walifundishwa, na pia kazi ilipangwa upya: watoto wakagawanywa makundi madogo, na kila kundi likapewa walezi walewale siku zote. Katika nyumba ya pili walezi walifundishwa tu, mpango wa kazi haukubadilishwa. Katika ya tatu halikufanywa lolote. Watoto wa nyumba ya kwanza ndio waliostawi zaidi, hata kwa mwili, bila ya kuongezewa chakula. Maana yake, mlezi mwenye moyo mwema na mafunzo mazuri hawezi kushinda peke yake kama amepewa watoto wengi mno na zamu zake zinabadilika kila mara.

Hapa Zanzibar, Serikali ilikuwa na nyumba ya watoto Forodhani, Mji Mkongwe, ile ambayo njia hupita chini yake. Baadaye watoto walihamishiwa Mazizini. Mwaka 1991 kilifunguliwa Unguja kijiji cha SOS, kwa mfano ulioanzishwa na Hermann Gmeiner huko Austria mwaka 1949: nyumba ndogo ndogo, kila moja na mama wake, na watoto wakiishi kama ndugu. Ni mpango mzuri kwa mtoto. Lakini mama huyo naye ni mfanyakazi, ingawa anaitwa mama. Yuko kazini mchana na usiku, na kwa miaka mingi mpango ule ulitaka mwanamke asiye na mume. Neno "mama" lisitumiwe kumnyima mtu likizo.

Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inazitaka nyumba za kulelea zikubaliwe na Serikali, na inatambua pia kafala. Kafala ni kumlea mtoto wa mwingine kama wako huku akibaki na ukoo wake na jina la baba yake. Mkikumbuka wale watoto wa Kiungani waliopewa majina mapya, mtaona kwa nini jambo hili si dogo.

Sasa hesabu. Chukueni kalamu. Wiki ina siku 7, siku ina saa 24. Zidisheni: saa 168. Mlezi anayefanya kazi saa 8 kwa siku 6 anatimiza saa 48. Gawanyeni 168 kwa 48. Mmepata 3 na nusu. Basi ili mlezi mmoja awepo karibu na watoto saa zote, wanatakiwa walezi watatu na nusu, na bado hatujahesabu ugonjwa wala likizo ya uzazi.

Tufanye mfano. Nyumba ina watoto 24, na mkubwa wa nyumba anasema anao walezi 7. Mtu akisikia hivyo husema, watoto 24 kwa walezi 7, si vibaya. Lakini gawanyeni 7 kwa 3 na nusu. Ni walezi 2 tu kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana watoto 12. Tuseme wawili kati ya hao 12 wana homa, na mmoja ni mchanga. Mlezi huyo hana ubaya wowote, na bado kuna mtoto atakayelia bila ya kuchukuliwa. Wenye nyumba hizi, na wafadhili wao, hupenda kuhesabu vitanda. Ukiwa mjumbe wa kamati, au mgeni tu uliyepeleka sadaka, uliza: usiku wa jana walikuwapo walezi wangapi? Na yule aliyekuwapo mwaka jana, bado yupo?

Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo inayosema watoto walio chini ya miaka 3 walelewe katika familia. Hilo tutalizungumza siku nyingine, pamoja na sehemu ya sheria inayohusu kafala, ambayo tutaisoma neno kwa neno.

Kabla ya somo hilo kila mmoja amtafute mzee mmoja wa shehia yake amuulize maswali mawili. Zamani, mtoto akifiwa na wazazi hapa, alilala nyumba ya nani? Na katika nyumba hiyo, nani aliyemwamkia usiku? Andikeni majibu katika sentensi tano au sita. Majina ya watu msiyaandike.