Samadari ya bibi na chumba changu cha kupanga

Nimekuwa kimya wiki nzima. Nilikuwa napigana na kitanda.

Ni samadari ya marehemu bibi, ile ya miguu mirefu iliyokerezwa, aina iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka India. Imevuka na boti kutoka Unguja hadi kwangu Dar, na mnunuzi wa vitu vya kale ameshataja bei. Chumba changu ni mita 3 kwa 3. Kila nikipanga, kabati linaziba mlango.

Nikajiuliza: mbona bibi kilimtosha? Chumba chake Mji Mkongwe kilikuwa chembamba kuliko hiki!

Jibu liko darini. Dari za nyumba za mawe, Lamu hadi Unguja, zimelala juu ya boriti za mikoko. Juu yake kuna mawe na chokaa, mzigo mzito, kwa hiyo boriti haikuvuka zaidi ya mita 3 hivi, aghalabu pungufu. Tajiri hakuweza kununua upana. Aliongeza urefu wa chumba na idadi ya vyumba. Boriti zetu zilisafirishwa hadi Ghuba, na vyumba vya huko vikawa vyembamba vivyo hivyo.

Sasa tazameni walivyopanga. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, kitanda kilikaa mwisho wa chumba kirefu, kikasitiriwa kwa pazia. Katikati palibaki wazi kwa mikeka na watu. Vyombo vya thamani vilipanda ukutani, kwenye vidaka vya chokaa ambavyo Waamu huviita zidaka. Bibi naye aliweka masanduku yake yote uvunguni. Ndiyo maana miguu ile ni mirefu!

Mimi nilikuwa nimeanza na kabati kwa sababu kila mtu analo, kisha nikamlaumu bibi.

Jana nimeuza kabati. Samadari imekaa ukutani, mbali na mlango, masanduku mawili chini yake. Nguo za kazini ziko kwenye misumari, vitabu kwenye rafu juu ya kichwa. Katikati pametosha mkeka na wageni wawili.

Mnunuzi nimemwambia asije tena. Pesa ile ningeihitaji, sikatai. Lakini ningelala wapi?

Je, wewe uvunguni kwako kuna nini?