Majiranukta kama Ushahidi: Kuhifadhi Mahali pa Kihistoria katika Kanzidata ya Nachingwea na Ruangwa

Makala haya yanajadili swali linaloonekana kuwa la kiufundi tu: majiranukta, yaani jozi ya latitudo na longitudo, yahifadhiwe kwa muundo gani katika kanzidata ya maeneo ya kihistoria ya Nachingwea na Ruangwa? Hoja kuu ni kwamba muundo unaochaguliwa huamua ushahidi upi utabaki na upi utafutika.

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo ilipita Ruangwa, nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo Nachingwea, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilihamisha wakazi wengi. Kwa sababu hiyo, stesheni, mashamba na mahame kadhaa hayatambuliki tena kwa macho. Yanatafutwa kwa namba.

Namba hizo zina mitego mitatu. Kwanza, ramani za zamani hutumia nyuzi na dakika, ilhali simu hutoa desimali. Mji wa Nachingwea uko karibu na nyuzi 10 na dakika 22 Kusini, yaani -10.37. Anayeandika -10.22 huusogeza kilomita 16 hivi kaskazini. Pili, baadhi ya programu hutanguliza longitudo, nyingine latitudo. Namba za Nachingwea zikibadilishana nafasi, mji huangukia baharini, takribani kilomita 100 magharibi ya Lisbon, mji mkuu wa dola ambayo FRELIMO ilipigana nayo. Kosa hili hujifichua lenyewe. La tatu halijifichui: ramani nyingi za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa rejea wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Katika eneo hili, namba zilezile katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa mita 200 hivi. Umbali huo unatosha kuliweka hame la ukoo mmoja katika shamba la ukoo mwingine.

Hivyo basi, inapendekezwa kila mahali pawe na mambo manne: maandishi ya chanzo kama yalivyo, latitudo na longitudo katika nyuga mbili za namba za desimali, kwa WGS 84, mfumo wa rejea wa chanzo, na kiasi cha mashaka kwa mita. Jambo la nne ndilo hupuuzwa zaidi. Tarakimu tano baada ya nukta hudai usahihi wa mita moja hivi, lakini mzee anayeonyesha kwa mkono makaburi yaliyo ng'ambo ya mto hakudai hivyo. Kumwandikia tarakimu tano bila kutaja mashaka ni kumsemesha asilolisema, na namba hiyo ikifika katika shauri la ardhi, itaaminiwa kuliko yeye mwenyewe.