Maarifa ya Jamii na Historia ya Chara

Watoto wa Chara, katika delta ya Mto Tana, wauimbapo wimbo wa taifa wa Kenya huimba mahadhi yaliyotoka katika ujirani wao. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuandaa wimbo huo juu ya mahadhi ya bembelezi ya Kipokomo iliyotolewa na Meza Galana. Basi Pwani ya Tana imelipa taifa sauti. Yafaa kuulizwa ikiwa somo la maarifa ya jamii nalo limewapa watoto wa Tana historia yao.

Msingi wa somo hili katika Afrika uliwekwa Mombasa, Agosti 1968, pale wataalamu wa elimu walipokutana na kukubaliana kwamba mtoto aanzie kwenye mazingira yake kabla ya kufika mbali. Nchini Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliunganisha jiografia, historia na uraia katika shule za msingi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, haukuiacha kanuni hiyo: mwanafunzi hutoka nyumbani na shuleni, akaenda kwenye kaunti, kisha nchi, kisha Afrika Mashariki.

Kanuni ni njema. Ugumu umo katika utekelezaji. Chukua mfano wa mto wenyewe. Mwanafunzi hujifunza kwamba Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, kwamba huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na kwamba huingia baharini Kipini. Yote haya ni kweli, lakini huifanya njia ya mto ionekane kuwa kazi ya maumbile peke yake. Sivyo. Hapo kale Tana ilimwaga maji yake kusini zaidi, na Ozi ulikuwa mto mwingine. Katika karne ya 19, zama za Usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi yenye nafaka ifike Kau na Kipini bila kupita bahari kuu. Mafuriko yakaupanua mfereji, hata mto wenyewe ukauhamia. Kwa hiyo mlango wa mto unaochorwa katika ramani za shule ni matokeo ya majembe na biashara ya watu. Mtoto wa Chara anaishi kando ya ushahidi huu, naye huusoma kama jambo lisilo na mwenyewe.

Jambo la pili ni lugha. Kwa sera ya elimu, lugha ya mtoto hutumika katika madarasa ya chini, na kuanzia darasa la 4 Kiingereza hushika nafasi ya lugha ya kufundishia. Hapo ndipo habari za kaunti zinapofundishwa kwa mapana. Mzee ajuaye habari za Belezoni huzisimulia kwa Kipokomo au Kiswahili, lugha mbili zilizo ndugu, wakati mtahini huzidai kwa Kiingereza. Hivyo maarifa ya mzee hayapati mlango wa kuingilia darasani.

Hasara yake si ya kitaaluma tu. Mwaka 2012 mapigano baina ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji yaliua zaidi ya watu 100 katika delta. Chanzo kimojawapo kilikuwa ardhi na malka, yaani njia za mifugo kufikia maji. Malka ni historia ya mapatano ya kale kati ya jirani na jirani. Mwanafunzi asiyefundishwa mapatano hayo hurithi ugomvi peke yake. Vivyo hivyo ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, tangu mwaka 1908, na wengi wamekua bila kuisikia wala kuiona.

Hapana budi, basi, masimulizi ya wazee wa pande zote yakusanywe kwa lugha zao, yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, na yaingizwe katika vitabu vya kiada. Azimio la Mombasa lilitaka mtoto aanzie kwao. Huko Chara, kwao ni mto, na mto huo una waliouchimba.