MAJIMBO, KAUNTI NA HAKI ZA WALIO WACHACHE

Pamoja na hesabu za mwaka yafaa tukumbuke habari moja inayotuhusu sote tukaao kati ya Kitale na Bungoma: ni serikali gani imlindayo mtu ambaye kabila lake ni dogo mahali anapoishi?

Chama cha KADU kilipoundwa mwaka 1960, viongozi wake walihofu kwamba makabila madogo yangemezwa na makubwa. Kwa hiyo walidai serikali za majimbo, na Katiba ya 1963 ikaigawa nchi katika majimbo saba, kila moja na baraza lake. Nia ilikuwa kuwakinga wanyonge. Lakini mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Marehemu Masinde Muliro alidai Kitale iingie Jimbo la Magharibi; wenzake Wakalenjin, waliokuwa naye katika chama hicho hicho, waliitaka ibaki Bonde la Ufa. Mwisho Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa, na Wasabaot wa Mlima Elgon wakawekwa Magharibi, ijapokuwa wengi wao hawakuridhika. Hivyo kila upande wa mpaka walibaki watu waliojiona wageni katika jimbo lao.

KADU ilivunjwa Novemba 1964, na majimbo yakapokonywa nguvu zake. Lakini fikira ya kwamba kila nchi ina kabila lake haikufa. Tangu mwishoni mwa 1991 mapigano yalienea Trans Nzoia na Mlima Elgon. Nyumba zikachomwa na maelfu wakakimbia makwao. Tena, kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulizaa kundi la SLDF, na Wasabaot wengi wakauawa na kuteswa na watu wa kabila lao wenyewe. Jeshi lilipopelekwa Machi 2008, mashirika ya haki za binadamu yalieleza habari za raia walioteswa mikononi mwa askari. Basi twaona kwamba mpaka wa kabila si ngao, wala bunduki peke yake si ulinzi.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kifungu cha 174 chasema kwamba mojawapo ya makusudi ya ugatuzi ni kulinda haki za walio wachache na jamii zilizotengwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kwanza wapewe watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Polisi wamo chini ya serikali kuu. Lakini zahanati, masoko, shule za chekechea na ajira za kaunti zimo mikononi mwa watu tuwachaguao wenyewe.

Kwa hiyo wazee wetu waitwapo kwenye mikutano ya bajeti, wasiulize tu jamaa zetu wamepata nini. Wa Bungoma na waulize habari za Msabaot na Mteso. Wa Kitale na waulize habari za Msengwer. Mwenye wengi hapa ni mwenye wachache ng'ambo ya pili, na haki tumnyimayo jirani leo ndiyo watakayonyimwa watoto wetu huko.