Mtaalamu katika habari za afya: nani anasema, nani anasikia?

Rissne ni mtaa wa manispaa ya Sundbyberg, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Kituo chake cha treni ya chini ya ardhi, kilichofunguliwa mwaka 1985, kinajulikana kwa kuta zake zilizojaa ramani na tarehe za historia ya dunia. Vituo vinavyofuata ni Rinkeby na Tensta, mitaa yenye wakazi wengi wa asili ya Somalia. Upande wa pili, kilomita chache tu, ni Solna, yaliko makao ya Folkhälsomyndigheten, yaani idara ya taifa ya afya ya umma. Huko pia iko Taasisi ya Karolinska, ambako huteuliwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa wakazi wa eneo hili, wanasayansi ni majirani. Mwezi Machi 2020 ilidhihirika jinsi majirani hao wanavyoweza kuwa mbali.

Saa nane mchana

Wakati ugonjwa wa Covid-19 ulipoanza kuenea, Anders Tegnell, mtaalamu mkuu wa taifa wa magonjwa ya mlipuko, alikuwa akikutana na waandishi wa habari saa nane mchana. Alizungumza kwa utulivu, kwa Kiswidi, akionyesha michoro na takwimu. Waswidi wengi walimfuatilia kama watu wanavyofuatilia utabiri wa hali ya hewa.

Machi 23, daktari Jihan Mohamed, wa chama cha madaktari Waswidi wenye asili ya Somalia, aliiambia televisheni ya taifa SVT jambo ambalo halikuwa kwenye michoro hiyo. Kati ya watu 15 waliokuwa wamefariki mkoani Stockholm, alisema, wasiopungua sita walikuwa wa asili ya Somalia. Waliozaliwa Somalia hawafiki asilimia moja ya watu wote wa Uswidi.

Takwimu kama hiyo ina hatari zake. Watu 15 ni wachache mno kuweza kujenga hoja ya kisayansi, na msikilizaji mwenye chuki angeweza kuitafsiri kuwa ugonjwa una kabila. Madaktari hao walilitambua hilo na wakaeleza sababu papo hapo: nyumba zenye watu wengi, vizazi kadhaa chini ya dari moja, na habari ambazo hazikuwafikia watu kwa lugha wanayoielewa. Wengi wa wakazi wa mitaa hiyo ni madereva wa teksi na mabasi au watumishi wa nyumba za wazee, kazi ambazo mtu hawezi kuzifanyia nyumbani. Takwimu za idara yenyewe, zilizotolewa mwezi uliofuata, zilithibitisha kwamba wenye asili ya Somalia walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwa wagonjwa.

Mtaalamu wa Solna hakusema uongo, na wala daktari wa SVT hakumpinga. Tofauti ni kwamba mmoja aliliangalia taifa zima, na mwingine alifahamu ni nani hawakuwa wakisikia saa nane mchana.

Wataalamu wanapopingana

Aprili 14 mwaka huo huo, wanasayansi 22 walichapisha makala katika gazeti la Dagens Nyheter wakidai kuwa idara ya afya imeshindwa na wanasiasa waingilie kati. Tegnell alijibu kwamba walikuwa wamezitumia vibaya takwimu za vifo. Kwa msomaji wa kawaida, hao walikuwa maprofesa wakizozana.

Mabishano ya namna hii ndiyo kazi ya kila siku ya sayansi. Yasiyo ya kawaida ni kufanyika gazetini, mbele ya watu wanaotaka kujua kama wampeleke bibi hospitali. Msomaji anaweza kujisaidia kwa kuuliza: je, wanapingana juu ya ushahidi, au juu ya hatua za kuchukua? Kuhusu virusi vyenyewe, pande zote mbili zilikubaliana mengi. Kuhusu kufunga shule na maduka, suala hilo halikuwa la maabara peke yake.

Cheo na ushahidi

Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska, mwezi Juni 2011 daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli shina. Mgonjwa huyo, Andemariam Beyene, alikuwa raia wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Vyombo vya habari duniani vilishangilia, na mwezi Novemba jarida la Lancet likachapisha ripoti ya mafanikio.

Beyene alifariki mwezi Januari 2014. Madaktari wanne wa hospitali hiyo hiyo, waliosoma mafaili ya wagonjwa, walitoa malalamiko mwaka huo kwamba yaliyoandikwa katika majarida hayakulingana na hali halisi. Walipuuzwa kwanza. Filamu ya SVT ya mwezi Januari 2016 ndiyo iliyolitikisa jambo hilo. Macchiarini alifukuzwa kazi, Lancet ikaifuta ripoti mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Stockholm ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuonja shangwe ya aina hiyo. Mwezi Julai 1990 Rais Daniel arap Moi alizindua Kemron, dawa ya Ukimwi iliyotangazwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Wagonjwa walimiminika Nairobi. Majaribio yaliyofuata, likiwemo moja lililofanyika Uganda, hayakuona faida yoyote.

Simu ya mhariri

London kuna kituo kiitwacho Science Media Centre, kilichoanza mwaka 2002, ambacho hukusanya maoni ya wataalamu na kuwapelekea waandishi kabla utafiti haujachapishwa. Wakosoaji husema kinawazoesha waandishi kupokea maneno yaliyopikwa tayari, na kwamba miongoni mwa wafadhili wake yamo makampuni. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mhariri mwenye dakika ishirini kabla ya taarifa ya habari humpigia profesa anayepokea simu, hata kama yeye ni wa moyo na habari ni ya mapafu. Nimefanya hivyo mwenyewe, na si mara moja.

Swali la wazazi

Mwaka 2008 watafiti wa Uswidi waliripoti kwamba, mkoani Stockholm, usonji ulionekana kwa asilimia 0.7 ya watoto wenye wazazi wa Kisomali, ikilinganishwa na karibu asilimia 0.2 ya watoto wengine. Kusema "mara tatu hadi nne" ni kweli. Kusema watoto saba kati ya elfu moja badala ya wawili ni kweli ile ile, lakini huogofya kidogo zaidi au kidogo kupungua, kutegemea anayesikia. Watafiti hawakuilaumu chanjo. Iliyoilaumu ni jamii iliyokwisha kusikia habari ya Andrew Wakefield, ambaye mwaka 1998 aliandika kuhusu watoto 12 na kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Lancet iliifuta makala hiyo mwaka 2010.

Hofu ilibaki. Huko Minnesota, Marekani, mlipuko wa surua wa mwaka 2017 uliwapata zaidi ya watu 70, wengi wao watoto wa familia za Kisomali. Idara ya Uswidi ilipowahoji wazazi wa Rinkeby na Tensta, ilikuta kwamba hawazikatai chanjo kwa jumla. Waliogopa hii moja, kwamba mtoto ataacha kusema, hivyo waliisogeza mbele. Katika uchunguzi huo huo walihojiwa pia wazazi wa Järna, kusini mwa Stockholm, wafuasi wa falsafa ya anthroposofia, nao walikuwa wakisita kwa sababu zao.

Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Hilo linajibu swali la chanjo. Swali la pili la wazazi, kwa nini usonji umeonekana zaidi kwa watoto wao, limechunguzwa kwa kuangalia upungufu wa vitamini D na mambo mengine, na bado halijapata jibu lililothibitishwa.